Bima ya Safari: Ipi Rahisi?

Mpenzi msomaji, ukiwekewa karatasi mbili mezani, moja ya shilingi 3,100 na nyingine ya shilingi 12,650, na ukaambiwa zote mbili zinakubaliwa na ubalozi, wewe utanunua ipi? Jibu lako nalijua, manake mimi nilijibu hivyo hivyo, baba akajibu hivyo hivyo, na nyumba nzima ikaafiki. Kumbe tulikuwa tumekosea sote. Katika makala haya nataka kueleza tulivyokosea, na jinsi ya kulinganisha bima za safari bila kupumbazwa na tarakimu iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Shangazi yangu ameolewa Ujerumani. Mwaka wa 2025 alijifungua mtoto wake wa kwanza, akataka mama yake, yaani bibi yangu mzaa baba, aende akakae naye miezi miwili amsaidie kulea. Kwetu Munje jambo hilo si la kushangaza sana. Kutoka Ukunda mpaka huku Msambweni utakuta nyumba nyingi zenye mtu wao Ujerumani, Uswisi au Uingereza, kwa kuwa watalii wamekuja pwani ya Diani miaka mingi na wengine wao hawakurudi kwao peke yao. Bibi alikuwa na umri wa miaka 68 na hajawahi kupanda ndege. Tena ana presha, wala si presha ya jana na juzi. Kila mwezi huenda hospitali ya Msambweni kuchukua dawa zake. Hilo la presha liweke moyoni, tutalirudia.

Pasipoti ikapatikana, barua ya mwaliko ikaja, na katika orodha ya vitu vinavyotakiwa na ubalozi kukawa na bima ya safari. Baba akaenda Ukunda, akarudi na karatasi kutoka kwa maajenti wawili tofauti. Zote zilikuwa za Kiingereza, na si Kiingereza cha darasani bali kile cha mawakili. Baba alizigeuza huku na huku, kisha akanisukumia: "Wewe si ndiye msomi? Haya, tusomee." Wakati huo nilikuwa kidato cha pili. Nikaona heshima yangu yote imewekwa rehani.

Kabla sijaendelea, kwa vile sisi ni wana chama cha Kiswahili, hebu tulitazame neno lenyewe. Bima ni neno lililotufikia kutoka Bara Hindi, nako huitwa vivyo hivyo, bima. Asili yake zaidi ni neno la Kiajemi, bim, ambalo maana yake ni hofu. Basi mwenye kununua bima ni mtu anayemkabidhi mwenzake hofu yake. Analipa pesa kidogo leo, ambazo huitwa ada ya bima, ili likitokea lile analoliogopa, gharama ibebwe na kampuni. Yale ambayo kampuni imekubali kuyabeba ndiyo kinga. Yale iliyoyakataa yameandikwa pia, lakini huko nyuma, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Bima tunayoizoea sisi ni ile ya matatu. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlazimisha mwenye gari kuwa na bima kwa ajili ya watu watakaoumizwa na gari lake, na fidia ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Gari likivuka pale Lunga Lunga kuingia Tanzania, hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, mpango ulioanzishwa miaka ya 1980 ili bima ya nchi moja itambuliwe na jirani. Lakini bima hizo zote mbili zinafuata gari. Abiria haulizwi anataka ipi. Bima ya safari humfuata mtu mwenyewe: akiugua ugenini, akivunjika mguu, akipotelewa na mzigo, au akifa.

Kuna mahali ambapo hata hiyo bima ya mtu haina kuchagua. Zanzibar, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, mgeni kutoka ng'ambo hulazimika kununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, nayo humfaa mpaka siku 92. Hata akiwa na bima nyingine mfukoni hulipa tu. Pale hakuna kazi ya kulinganisha. Ulaya ni tofauti: wao wanakuambia bima iweje, kisha wanakuacha ukatafute mwenyewe sokoni.

Na wanataka iweje? Nchi 29 za Ulaya zilizoungana kwa viza moja inayoitwa Schengen, Ujerumani ikiwamo, zinataka bima ya mgeni iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, ifanye kazi katika nchi zote hizo, na ifunike siku zote za kukaa huko. Lazima igharimie matibabu ya dharura, kulazwa hospitali kwa dharura, kurudishwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, na kusafirisha maiti. Wakati ule euro moja ilikuwa karibu shilingi 150, basi piga hesabu: euro 30,000 ni kama shilingi milioni 4 na nusu.

Hapa ndipo nilipoteleza kwa mara ya kwanza. Niliona karatasi zote mbili zimeandikwa euro 30,000, nikasema, "Baba, ni kitu kimoja hiki. Tuchukue ya rahisi." Sikujua kwamba tarakimu hiyo haiwezi kunieleza lolote. Ikiwa kila muuzaji analazimishwa na sheria kuandika 30,000, basi kuandika 30,000 si sifa. Ni kama mwanafunzi ajisifu mbele ya mwalimu kwamba amekuja shule amevaa sare.

Usiku ule nilikaa na taa nikatoa daftari la hesabu, nikachora mstari katikati. Upande wa kushoto nikaandika A, ile ya rahisi. Upande wa kulia nikaandika B, ile ya ghali. Nikaanza na bei, kwa sababu bei ndiyo iliyotupendeza.

Karatasi A ilisema: kuanzia shilingi 3,100. Hilo neno "kuanzia" dogo ndilo la kushikwa masikio. Nilipofungua ukurasa wa tatu nikakuta jedwali, na humo 3,100 ni bei ya siku 31. Bibi alikuwa aende siku 60. Safu ya siku 62 ilikuwa shilingi 4,700. Haya, si mbaya, nikasema. Nikashuka chini ya jedwali nikakuta mstari mwingine: msafiri wa miaka 66 hadi 75 atalipa maradufu. Zikawa 9,400. Kisha juu yake kuna tozo za serikali: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya mfuko wa kuwafidia wenye bima ikiwa kampuni itaanguka, na shilingi 40 za stempu. Jumla ikawa shilingi 9,482. Karatasi B nayo ilikuwa imeandikwa bei moja tu, 12,650, na nilipoisoma nikaona ni bei ya siku 62, ya mtu wa miaka 66 hadi 75, pamoja na tozo zote.

Basi lile pengo la shilingi 9,550 tulilodhani tunaokoa lilikuwa limesinyaa mpaka shilingi 3,168. Mtu asilinganishe bei ya karatasi na bei ya karatasi. Kwanza amwingize msafiri wake ndani, na umri wake, na siku zake, ndipo asome tarakimu inayotoka.

Sasa swali likawa, hizo 3,168 zinanunua nini? Hapa ndipo penye uhondo, na hapa ndipo nilipotumia siku tatu na kamusi.

Jambo la kwanza ni pesa ambazo msafiri hujilipia mwenyewe kabla kampuni haijaweka mkono. Karibu kila bima ya safari inazo. Ukitibiwa kwa euro 400 na sehemu yako ni 100, kampuni hulipa 300. Ukitibiwa kwa euro 80, kampuni hailipi hata ndururu. A ilitaka bibi ajilipie euro 100 za mwanzo kila anapotibiwa, na B ilitaka 50. Mtu atasema hilo ni dogo, lakini mzee anayekwenda nchi ya watu miezi miwili huumwa na vitu vidogo vidogo kuliko vikubwa: jino, jicho, kifua.

Jambo la pili ni mizigo, na hapa A ilijitapa sana. Dola 1,000 mzigo ukipotea, pesa kadha wa kadha ndege ikichelewa, na picha ya mzungu anayecheka kando ya sanduku lenye magurudumu. Nikamuuliza bibi atabeba nini. Akahesabu kwa vidole: leso tatu, mabuyu, achari ya maembe, nguo za mtoto alizoshona jirani, na Msahafu wake. Hakuna hata kimoja humo cha kudai dola 1,000. Kinga ya mali usiyokuwa nayo haikufai, lakini humo kwenye ada umeilipia.

Jambo la tatu nililisoma kimyakimya, sikutaka kulisema. Bibi akanitazama akasema, "Mume wangu, mbona hilo wakwepa? Niulizie, na nikifa?" (Bibi zetu wa pwani hutuita waume zao, wasomaji kutoka bara wasishtuke.) Ikabidi niseme. Zote mbili zinalipa kusafirisha maiti, kwa sababu sheria inalazimisha. Ila A ilisema mpaka uwanja mkuu wa ndege wa nchi yake, na B ilisema mpaka nyumbani kwake. Bibi akacheka. "Uwanja mkuu si Nairobi? Na Nairobi namjua nani mimi?" Kutoka Nairobi mpaka Munje ni zaidi ya kilomita 500, na yeyote aliyewahi kuona mtaa ukichangisha pesa za kumrudisha mtu aliyefia ugenini anajua kwamba kilomita za mwisho nazo zina bei yake.

Jambo la nne ndilo lililotukosesha usingizi. Presha.

Katika A, ukurasa wa tisa, iliandikwa kwamba kampuni haitalipa gharama yoyote inayotokana moja kwa moja au kwa njia nyingine na ugonjwa ambao msafiri alikuwa nao kabla ya mkataba. Soma tena hayo maneno "kwa njia nyingine". Presha huweza kuzaa kiharusi. Huweza kuzaa maradhi ya moyo na ya figo. Yaani yale hasa ambayo tulikuwa tukiyaogopa kwa bibi yalikuwa nje ya mlango. Tungenunua bima ya kumkinga bibi na kila kitu isipokuwa ugonjwa wa bibi.

B haikuwa ya ukarimu wa ajabu, la hasha. Nayo ilikataa magonjwa ya zamani, lakini iliacha upenyo: dharura ya ghafla inayotokana na ugonjwa wa zamani italipiwa mpaka euro 5,000, kwa masharti mawili. Daktari aandike barua kwamba hali imetulia, na dawa ziwe hazijabadilishwa katika miezi mitatu kabla ya safari. Euro 5,000 si 30,000. Kwa mtu aliyelazwa na kiharusi huweza kwisha upesi. Lakini 5,000 na sifuri si sawa.

Huenda ukauliza, kwani kampuni isipolipa, hospitali itamtupa mzee wa watu nje? Hapana, atatibiwa. Ila bili itakwenda kwa mtu. Shangazi, ili mamake apewe viza, alitia sahihi ahadi rasmi katika ofisi ya wageni ya huko kwamba gharama zote za bibi akiwa Ujerumani, matibabu yakiwamo, ni juu yake. Si ahadi ya mdomo hiyo. Serikali ikilipa badala yake ina haki ya kumdai. Na shangazi alikuwa likizo ya uzazi na kitoto cha wiki chache. Kwa hiyo tulipokuwa tukibishana juu ya shilingi 3,168 sebuleni Munje, kwa kweli tulikuwa tukiamua juu ya deni la mtu mwingine.

Jumamosi tukapanda matatu, baba, bibi na mimi, tukaenda Ukunda kumuuliza ajenti wa A. Tulipokelewa vizuri, tukapewa viti na maji. Nikamwonyesha ule ukurasa wa tisa. Ajenti akautazama, akatabasamu, akainamia meza.

"Hapo kwenye fomu wanapouliza ugonjwa, andikeni hapana. Watu wote huandika hivyo. Atajua nani?"

Baba alinyamaza. Nadhani alikuwa akihesabu. Bibi ndiye aliyejibu, kwa sauti ya upole.

"Mwanangu, mimi nina presha tangu huyu baba yake hajaoa. Niandike sina, kisha nianguke huko kwa watu? Dawa zangu zitakuwa mkobani. Zitasema zenyewe."

Ama kweli, alisema kwa maneno machache jambo ambalo vitabu vya bima huliandika kurasa nyingi. Mkataba wa bima umesimama juu ya kuambiana kweli. Kampuni haimjui msafiri. Inamjua kwa fomu tu. Ikigundua kwamba alificha jambo kubwa, inaweza kuuvunja mkataba, na hapo hata madai yasiyohusu presha huwa mashakani. Wala kugundua si kazi ngumu. Kabla ya kulipa bili kubwa, kampuni huomba rekodi za matibabu za nyumbani, na za bibi zimejaa tele katika daftari lake la kliniki. Mtu wa namna hiyo amelipa ada bure na uongo juu yake.

Tukatoka. Baba hakusema neno mpaka tulipofika stendi.

Wakati huo shangazi alitutumia karatasi ya tatu kwa simu, maana hata mwenyeji aliyeko Ujerumani anaweza kumnunulia mgeni wake bima ya huko. Nikaiongeza safu ya C katika daftari. Ilikuwa euro 4 kwa siku, kwa siku 60 ni euro 240, kama shilingi 36,000. Baba akasema hao ni mbuzi wanne. Haikuwa na pesa za kujilipia mwanzo, hilo zuri. Juu ya magonjwa ya zamani ilisema itayalipia yakizidi ghafla bila kutarajiwa. Nilipenda sentensi hiyo nilipoisoma mara ya kwanza, nikaichukia mara ya pili. Nani atakayeamua kwamba halikutarajiwa? Mtu mwenye presha ya miaka ishirini akizidiwa, mwenye kutafuta sababu ya kutolipa atasema lilitarajiwa. B ilikuwa na pesa kidogo, lakini masharti yake yalihesabika: barua, na miezi mitatu. Mimi naona sharti gumu lililo wazi ni bora kuliko sharti laini lenye ukungu. Shangazi hakukubaliana nami kabisa, na huenda ana haki, kwa kuwa yeye ndiye aliyetia sahihi.

Niseme kidogo pia juu ya ami yangu, ambaye alipinga jambo zima. Alisema bima ina mambo ya bahati nasibu na riba ndani yake, na Mwislamu aiepuke. Hoja hiyo haikuanzia Munje. Ndiyo iliyozaa takaful, ambapo wanachama huchangia mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana na mwenye kupatwa na janga hulipwa kutoka humo. Hapa Kenya kampuni ya kwanza ya aina hiyo ilianza kazi mwaka wa 2011. Tuliuliza, lakini kwa maajenti tuliowafikia hatukupata takaful ya safari ya Ulaya kwa mtu wa umri wa bibi. Ustadh wetu wa madrasa akamwambia ami kwamba viza haipatikani bila hiyo karatasi, kwa hiyo suala la bibi ni la dharura. Ami akanyamaza, ingawa kunyamaza kwake si kukubali.

Basi tukaelekea B. Na hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho kingetuumbua. Nilichukua daftari la kliniki la bibi nikakuta dawa yake moja ilibadilishwa tarehe 28 Aprili. Safari ilipangwa tarehe 20 Julai. Hesabu mwenyewe: miezi mitatu tangu tarehe 28 Aprili inatimia tarehe 28 Julai. Bibi angeruka siku nane kabla ya muda, na ule upenyo wa euro 5,000 ungekuwa umefungwa, nasi tungekuwa tumelipa 12,650 kwa karatasi isiyotofautiana na A. Ingekuwa kama kununua mwavuli wenye tundu.

Bahati njema tikiti ilikuwa haijalipwa. Safari ikasogezwa mpaka tarehe 2 Agosti, kurudi tarehe 30 Septemba, siku 60 barabara ukihesabu ya kwanza na ya mwisho. (Wazihesabu zote mbili, ndugu msomaji, kwa sababu bima nayo huzihesabu.) Daktari wa kliniki alimpima bibi, akaandika barua kwamba presha imetulia. Nilimwomba aandike na majina ya dawa na tarehe zilipoanza, akanitazama kama anayejiuliza huyu mtoto ametoka wapi, lakini akaandika.

Tuliuliza B maswali mengine mawili kabla ya kulipa. La kwanza, ubalozi ukikataa viza, pesa zetu zinarudi? Ada ya viza yenyewe, ambayo ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudi. Lakini B walisema bima itarudishwa yote tukionyesha barua ya kukataliwa kabla tarehe ya safari haijafika. A wangekata shilingi 1,000. La pili, bibi akizidiwa anapiga simu gani, na inapokelewa kwa lugha gani? Katika bima nyingi, kulazwa hospitali bila kuiarifu kampuni mapema ni sababu ya kuleta ubishi baadaye. Namba ile nikaiandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi gumu, pamoja na namba ya bima na simu ya shangazi, bibi akaifunga kwenye pindo la leso. Mwenye kununua yoyote kati ya hizi pia atazame kama kampuni imo katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, na tangu yale ya korona mwaka wa 2020, asome kama magonjwa ya mlipuko yamo au yametengwa.

Viza ilitoka. Tarehe 2 Agosti tukamsindikiza uwanja wa Moi, Mombasa, na bibi akaingia ndani bila kugeuka nyuma, eti akigeuka atalia.

Presha haikumsumbua kwa siku zote 60. Kilichomsumbua ni mkate. Mkate wa Kijerumani una ganda gumu, na katika wiki ya tatu bibi aliuma kipande jino likavunjika, akalala usiku kucha ameshika shavu. Shangazi akapiga ile namba, akampeleka kwa daktari wa meno. Bili ilikuwa euro 68. Kwa karatasi A tungelipa zote 68, kwa sababu hazikufika 100. Kwa karatasi B euro 50 zikawa zetu, na 18 za kampuni.

Tukadai hizo 18. Baba aliona ni aibu kuisumbua kampuni kwa euro 18, nami nikasisitiza, kwa kuwa nilitaka kuona kama karatasi inafanya kazi. Walitaka risiti yenyewe na si nakala, maelezo ya daktari, ukurasa wa pasipoti wenye muhuri wa kuingia, na fomu, vyote ndani ya siku 30. Shangazi alivituma kwa posta. Baada ya wiki saba, bibi akiwa amekwisharudi nyumbani, shilingi 2,700 kasoro makato ya benki ziliingia kwa baba. Bibi alinipa mia mbili. Zilizobaki akazifunga kwenye leso, akasema jino lilikuwa lake.